Pakavu Chini ya Gari

Gari la petroli liliruhusiwa kubaki nyumbani mradi lisidondoshe oili. Tone moja tu ardhini, linabebwa kwenda kuyeyushwa. Aikande alikuwa amebadilisha mara mbili gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akilala chali juu ya kadibodi, na bado kila asubuhi alikuta doa jipya. Siku ya ukaguzi akamwaga oili yote kwenye ndoo, akaificha jikoni. Angeirudisha mkaguzi akiondoka.

Mkaguzi alipitisha kipimo chake chini ya injini. "Pakavu. Hongera, dada."

"Huyu binti wa watu ni fundi hasa," baba yake Aikande alisema, akicheka. "Sijui katoka wapi."

Tangu aanze kusahau, mzee alimkumbuka Aikande pale tu alipousikia mngurumo wa gari lake.

Mkaguzi alikuwa bado getini akijaza fomu, mzee alipoketi kwenye usukani na kuchomeka ufunguo. Aikande akisema ukweli, gari linachukuliwa. Akinyamaza, injini isiyo na oili itanguruma kidogo, kisha inanoki, inakwama, haitawaka tena.

"Karibu ukae, mgeni," baba yake alimwambia Aikande. "Usikie linavyoimba."

Aikande akazunguka, akaketi kando yake, akasubiri kuitwa jina lake.