Mafungu Mawili ya Karanga

Mzungu yule alisema anasomea udaktari, lakini hakuwa na hata sindano. Eti anachunguza watoto wa Kwihara wanavyojifunza, ajue nani hufaulu na kwa nini.

Sikumwamini. Dada wa bibi yangu naye alichaguliwa kwa werevu wake, misafara ya watumwa ilipopita njia hii hii. Hakurudi.

Nikamwambia mjukuu wangu Marcelina, "Akikuuliza, kosea."

Nikasimama nje ya dirisha la darasa. Mzungu alipanga mafungu mawili ya karanga mezani.

"Fungu lipi kubwa?"

Marcelina akagusa dogo. Mzungu akapanga tena na tena, mwishowe tofauti ikawa punje moja tu. Kila mara Marcelina akagusa dogo. Kidole chake kilikuwa na chaki kwenye ukucha. Nikatabasamu.

Mzungu akaacha kupanga.

"Wenzake wamebahatisha, wamepata baadhi. Huyu hajapata hata moja."

"Ni mzito, bwana," mwalimu akasema.

"Hapana. Huwezi kukosa majibu yote bila kuyajua yote." Akainama, sauti ikawa laini. "Nani amekufundisha kukosea, mwanangu?"

Kidole chenye chaki kikanyooka kuelekea dirishani. Safari hii hakikukosea.