Tingatinga Lilipozimwa

Afisa wa maafa aliamuru tingatinga lizimwe ili manusura waliwazwe kwa muziki. Wapiga fidla wanne waliovaa suti nyeusi wakaanza kupiga kando ya kifusi cha maporomoko.

Mkunga, ambaye dada yake alikuwa bado chini ya kifusi hicho, hasira zilimpanda utosini. Alimwendea mpigaji mzee akampokonya upinde wa fidla. Kucha zake zilizojaa tope zikachafua nywele nyeupe za upinde huo.

"Dada yangu yumo humu! Mnamzimia mashine ili mtubembeleze sisi?"

"Samahani, mama. Tuliambiwa uchimbaji umekwisha."

"Nani kawaambia?"

Mzee alimtazama afisa. Kisha akaweka fidla chini, akavua koti.

Mkunga hakupoa. Alimtupia mzee koleo achimbe nalo, akamgeukia afisa.

"Na wewe, washa!"