Wino Ulioganda

Wino ulikuwa umeganda, kwa hiyo nahodha aliniamuru niibane chupa kwapani mpaka uyeyuke. Pale Rasi ya Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika, kwapa langu mimi msaidizi wake ndilo jiko pekee lililokuwa limesalia melini.

Nje, baharia mwenzetu Ifan alikuwa bado anaelea. Alikuwa ameteleza mlingotini akikunja tanga, akatumbukia baharini, na upepo ulituletea sauti yake hadi kabini.

"Tushushe mashua, Nahodha. Anaogelea huyo, namsikia."

"Kwa mawimbi haya? Nitapoteza watu sita badala ya mmoja. Wino vipi?"

"Mgumu kama biskuti zako."

Hakucheka. Aliichomoa chupa kwapani mwangu, akaitikisa karibu na sikio. Wino ulicheza ndani, umeshayeyuka.

"Fungua daftari la safari. Andika kwamba alianguka, akazama papo hapo. Mama yake atasomewa hayo kule kwao Porthmadog. Ulitaka asikie nini?"

Nilichovya kalamu. Tone la kwanza lilitoka jeusi, lina chembe za barafu ndani yake.

Ifan aliniita kwa jina la utani, lile alilonibandika mwenyewe.

Nikaandika "papo hapo", nikaupuliza wino ukauke, na yeye akaita tena.