Dawa Iliyotoka Yanonge

Paluku alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya mchele, andazi zima mdomoni, alipoona ndala za mama mkwe wake zikizunguka kona ya magunia yale yale.

Akameza. Andazi lilishuka kama mtu anayeteremka ngazi na godoro begani. Mama Hélène naye alisimama ghafla, na mkono wake ukapotea ndani ya kitenge.

"Natafuta chapelet yangu ya kusalia, bokilo, mkwe wangu," alisema akitazama dari.

"Niko nahesabu magunia, mama."

Wakapishana kwa heshima, kila mmoja akarudi kwenye kiti chake mlangoni mwa duka.

Paluku hakuwa na wa kumlaumu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mama huyo. Au tuseme alimwita kwa amri ya Kocha.

Yote yalianzia kwenye kituo kimoja cha afya huko Mangobo. Daktari alimpima presha, akaipima tena, kisha akamwambia wazi kwamba kwa uzito ule asitegemee kumsindikiza binti yake Précieuse kanisani siku ya harusi. Paluku alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mtu ambaye wenye pikipiki wakimwona kwa mbali hugeuza njia wasije wakambeba. Siku hiyo aliogopa kweli. Muuguzi akachukua simu yake, akamwekea programu.

"Papa, hii iko intelligence artificielle, akili ya mashini. Tuko natia kwa wagonjwa wote, tangu hapa mpaka kule mtoni. Kila mutu inamutafutia dawa yake mwenyewe. Itakujua kupita bibi yako ya nyumba."

Kocha, ndivyo programu ilivyojiita, ilisema Kiswahili cha redioni na ilikuwa na udadisi mwingi kuliko kwaya nzima ya parokia. Ilitaka kujua amekula nini, wapi, na nani, akiwa na hasira au na furaha. Ilijaribu kumsifu, akajizawadia nyama ya nguruwe. Ilijaribu kumtisha, akala kwa hofu. Ilimshauri atembee mpaka sokoni kwa miguu. Alitembea, na njiani akakutana na liboke ya samaki, waliochomwa ndani ya majani, bado ya moto.

Ndipo siku moja ikauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kuliuliza.

"Papa Paluku, mwezi uliopita ulipungua uzito katika wiki moja tu. Wiki hiyo nani alikuwa nyumbani?"

Alikuwa Mama Hélène, mama wa mke wake Fanny, aliyekuja kwa ajili ya msiba.

Siku ya kutoa mahari, wazee wa Yanonge walimwonya Paluku kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawaonani wakitafuna. Ni aibu isiyofutika. Na Paluku, kwa kuwa alikuwa mgeni wa mambo ya watu wa mto, aliishika desturi hiyo kuliko waliozaliwa nayo.

"Dawa yako imepatikana," Kocha ikasema. "Mwalike."

Akapiga simu Yanonge. Alikuwa ameandaa maneno matamu juu ya upweke wa Fanny, lakini mama alikubali kabla hajafika kwenye jina la Fanny. Alifika bandarini na godoro, mwavuli na kiti chake mwenyewe.

Dawa ikafanya kazi kupita kiasi. Paluku alidhani dukani atapata nafuu. Kesho yake kiti cha mama kikahamia dukani. Akienda kunyolewa, mama anataka kuona kinyozi. Akipita kwenye nganda, baa ya jirani, kusalimia marafiki, mama naye ana hamu ya kusalimia. Mezani Fanny alileta pondu, makemba na samaki, na wakwe wawili wakavitazama mpaka vikapoa.

"Mimi nilishashiba, mama."

"Mi pia, papa. Tumbo imejaa kabisa."

Kilichomponya ni bakuli moja dogo ambalo Fanny alimwingizia chumbani kila asubuhi, wakati mama yake yuko kibarazani na visikilizio masikioni, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza sala kwenye simu. "Ndiyo. Amina. Ndiyo."

"Fanny, mama yako atarudia kwao lini?" Paluku alinong'ona siku moja, akilamba bakuli.

"Namuulizaka kila siku. Anasema bado hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Hasemi."

Suruali zikalegea. Sokoni wakaanza kusema Paluku amefilisika. Lakini hatimaye daktari alitazama mzani, akampa mkono, na simu mfukoni ikamalizia: "Hongera, Papa Paluku. Umefika. Matibabu yako yamekwisha."

Paluku alilia barabarani bila aibu. Aliwaza wali na maharage yenye mawese, sahani moja tu, kwa kiasi kama alivyofundishwa, lakini mezani kwake, mchana kweupe, akitafuna anavyotaka. Akanunua chumvi, sabuni na vitenge viwili vizuri, akalipia na nafasi kwenye baleinière, mashua ya kesho inayoteremka mto hadi Yanonge.

Alimkuta mama kibarazani, macho yamefumbwa, visikilizio masikioni. Akatua zawadi miguuni pake na kukigusa kiti chake.

"Mama bokilo," alianza kwa sauti ya msibani, "tulikuchelewesha sana. Shamba yako kule itajaa majani. Bon, kesho iko baleinière, na fasi yako nimeshalipa."

Mama Hélène aliruka kutoka kitini, akikidaka kitenge kilichokuwa kinamteleza kiunoni, na waya wa visikilizio ukachomoka.

Simu ikaendelea peke yake, kwa Kiswahili cha redioni:

"... kilo tatu zimetoka, Mama Hélène, hongera. Zimebaki ishirini na mbili. Dawa yako ni ile ile: mkwe wako akienda, mfuate."