Mama Mkwe wa Kitabu cha Tatu

Fundi mitambo wa kituo cha redio aliposikia mtangazaji anasema alilia sana pale mama mkwe alipoichoma nyumba, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama mkwe gani tena? Mama mkwe si alikufa kitabu cha tatu! Alikufa, akazikwa, na fundi mwenyewe alishangilia kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama amepandwa na wazimu.

Alikuwa amezisoma zote saba, zile riwaya za maisha ya Mkunga. Cha nne alikibamiza ukutani kwa uchungu Mkunga alipoachwa na mumewe, kisha akakiokota na kukiomba radhi. Hiki cha saba, cha mwisho, alikimaliza juzi na bado kilikuwa kinamsumbua rohoni. Na ndani yake hakuna nyumba iliyoungua, hata banda la kuku.

"Nilifunga kitabu, nikashindwa hata kunyanyuka," mtangazaji aliendelea upande wa pili wa kioo, hewani moja kwa moja, nchi nzima ikimsikiliza. Mbele yake alikaa mwandishi mwenyewe, mzee ambaye wasomaji walimwita Bingwa, suti imenyooka, uso umejaa tabasamu.

Fundi akageuka. Pembeni yake, kwenye chumba cha mitambo, alikaa mdogo wa kike wa mtangazaji, msahihishaji wa chapa katika kampuni inayotoa vitabu vya Bingwa. Naye alikuwa anatabasamu.

Hapo fundi akaelewa, au alidhani ameelewa. Kituo kizima kilijua kwamba mtangazaji hasomi. Mdogo mtu ndiye anayesoma. Dada mtu anamsikiliza wakati wa chakula, kisha anakuja kumwaga hewani vicheko, hasira na machozi yale yale kama yake. Sifa zote kwa dada. Mdogo hata kutajwa hatajwi.

"Bibie," fundi alinong'ona, ingawa kioo kilikuwa hakipitishi sauti. "Hiyo ya nyumba kuungua umempa wewe?"

"Mimi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi kabisa."

"Lakini huyo ni dada yako, tumbo moja! Akiumbuka leo, kesho hana kazi."

"Kaka, umewahi kukesha na kitu, ukakililia, halafu ukamwona mtu mwingine anapigiwa makofi kwa ajili yake?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mwaka nenda, mwaka rudi. Nimenyamaza mpaka nimechoka kunyamaza. Aliyekula jasho langu leo atalitapika, tena mbele za watu."

Fundi alipeleka kidole kwenye kitufe cha muziki. Angeweka wimbo mmoja tu, akakimbilia ndani, akamnong'oneza mtangazaji sikioni. Mdogo mtu akamdaka mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na havikuwa na mzaha.

"Acha," alisema.

Fundi akaona ambembeleze. Alijua mpenda vitabu halainiki ila kwa habari za vitabu.

"Sikiliza, sisi tuliosoma tunajuana. Hata mimi cha pili kilinichosha, nilikuwa nakisinzilia."

"Kile kilipwaya kweli. Nilikuwa naumwa kipindi kile."

"Ehe! Lakini cha sita je? Pale Mkunga anapomsamehe kaka yake? Usiniambie hukulia."

"Wiki nzima. Chakula kilikuwa hakipiti."

"Basi na wewe samehe, bibie."

"Mkunga ana roho nzuri," alijibu. "Mimi sina."

Taa za simu zikaanza kuwaka, zote kwa pamoja. Wasikilizaji walikuwa wamecharuka. Fundi akapokea moja, na mama mmoja akamfokea bila hata salamu, "Mwambieni huyo mtangazaji wenu aache kutufanya wajinga! Mama mkwe alishakufa zamani!" Fundi akakata. Maskini mtangazaji, hakuwa mtu mbaya, mvivu tu wa kusoma.

"Bingwa," mtangazaji alisema kwa upole, "niambie ulijisikiaje ulipoandika sehemu ile. Mama mkwe amesimama mlangoni, kiberiti mkononi."

Fundi akafumba macho. Sasa mzee atacheka, atamsahihisha hewani, na kazi ya watu imekwisha.

Bingwa akashusha pumzi ndefu.

"Ah, binti yangu, umenigusa penyewe. Sehemu ile ilinitesa. Niliiandika huku nalia. Yule mama nilimtoa kwa marehemu shangazi yangu, mkali kweli kweli, lakini mwenye huruma ya ajabu. Kila nikiisoma tena, nashindwa kuimaliza."

Fundi akafumbua macho. Mzee alikuwa ametoa leso na anajifuta jicho. Fundi akageuka kumwuliza mdogo mtu kulikoni, akakuta kiti kitupu na mlango wa studio unafunguka.

"Pole sana, Bingwa," mtangazaji alisema. "Ila mama mkwe alikufa kitabu cha tatu. Nilikuwepo. Mdogo wangu alimuua kwenye meza yetu ya jikoni, mimi namenya viazi, na wewe ukaja ukabeba karatasi zote ukaweka jina lako." Akavuta kipaza sauti cha mzee, akakigeuzia upande wa mlango. "Sasa hebu pisha kiti, mwenye kitabu anaingia."