Shubiri Moja

"Shubiri nzima!" mshonaji alipiga kelele kutoka upande wake wa uzio. "Umenilia shubiri nzima ya kiwanja, shemeji, halafu umekaa unakunywa chai!"

Seremala alikiweka kikombe chini. Kesi hii ilikuwa imeanza na majani tu. Mpesheni wa mkewe ulipanda uzio wa mbao, ukavuka, ukawa unaangusha majani makavu kwenye nguo za wateja zilizoanikwa kwa jirani. Akaukata. Wiki iliyofuata ukavuka tena, maana mpesheni hauna adabu. Akaukata tena. Ndipo mshonaji alipoanza kudai kwamba hata uzio wenyewe umeiga tabia ya mmea: unatambaa.

Shahidi wake alikuwa futi yake ya kitambaa, ile anayoivaa shingoni tangu asubuhi mpaka anapozima taa. Uzio ule ulisimikwa na marehemu mumewe pamoja na seremala, enzi hizo wote vijana, na siku hiyo yeye mwenyewe alipima kutoka ukuta wa jiko lake hadi kwenye mbao: mita sita kamili. Juzi alipima tena, kwa futi ileile. Ikapungua shubiri.

"Marehemu angekuwepo usingethubutu," alisema, na hapo sauti ikamtetemeka. Hilo lilimuuma seremala kuliko maneno mengine yote.

Mtaa nao ukapata la kuzungumza. Mwalimu aliyeagiza milango miwili akatuma salamu kwamba atasubiri kwanza. Seremala alielewa. Fundi anayesemwa kuwa anaiba kwa kupima, nani atampa dirisha lake? Tangu siku hiyo alilala usingizi wa mang'amung'amu, na mbao zikamkalia karakanani bila kuguswa.

Nyumbani hakupata wa kumtetea. Mkewe alikuwa shoga wa mshonaji, tena siku zile hakuwa na nafasi ya kesi za watu. Alikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuiona tangu watoto waondoke. Miezi kadhaa alikuwa ameacha sukari na anatembea kila alfajiri, na alipokwenda kupimwa gauni la harusi ya binti yao, mshonaji alimtangazia kwamba kiuno kimepungua zaidi ya inchi moja. Alirudi akiimba. Sasa alikuwa akipita mbele ya kioo hata kama njia yake haikupitia huko.

"Unaona lakini?" alimuuliza mumewe, akijigeuza huku na huku.

"Naona," alijibu seremala, ambaye hugundua ubao uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara, na ambaye kwa kweli hakuwa ameona kitu.

Jumamosi aliita watu. Akaja mwenyekiti wa mtaa, akaja mwalimu, wakaja na wengine ambao hawakuitwa. Seremala alikuwa amevaa shati safi. Futi yake ya chuma ilikuwa mfukoni.

"Leo tunamaliza," alisema.

Akaishikiza ncha ya futi kwenye ukuta wa jiko la mshonaji, akaivuta mpaka kwenye mbao.

"Soma wewe mwenyewe, fundi," alisema mwenyekiti, ambaye alikuwa amesahau miwani. "Sisi tunasikiliza."

Seremala alisoma kimoyomoyo. Mita sita kamili, hakuna kilichozidi wala kupungua. Moyo ulimruka kwa furaha, lakini akajizuia. Alitaka ushindi usio na kiraka.

"Hebu nipe na yako, shemeji."

Akachuchumaa chini ya mpesheni, akazilaza futi mbili sambamba kwenye mchanga, ncha kwa ncha, akaweka kidole kwenye namba ileile katika kila moja. Vidole havikukutana. Futi ya kitambaa ilikuwa imerefuka. Miaka yote ile ya kuvutwa kwenye vifua na viuno vya watu ilikuwa imeinyoosha, na sasa kila ilichokipima ilikisoma pungufu.

Alisimama akijipangusa magoti, uso umemchanua.

"Ndugu zangu," alianza, "kosa limepatikana, na lipo hapa hapa kwenye..."

"Karibuni maji," alisema mkewe.

Alikuwa amekuja na jagi, amevaa gauni jipya ili watu walione. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni, pale pale palipopotea ile inchi.

"Mume wangu nampenda, jamani," aliwaambia watu huku akimimina, "lakini kwenye hili simo upande wake. Futi ya shoga yangu haidanganyi. Shahidi ni mimi hapa!" Akazunguka mzima mzima, maji yakamwagika kidogo, na watu wakacheka na kumshangilia.

Seremala alimtazama. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona akizunguka hivyo.

"Enhe, fundi," alisema mwenyekiti. "Kosa liko wapi?"

Seremala aliachia futi yake ya chuma. Ikajirudisha ndani ya kasha lake kwa mlio mkali.

"Kwangu," alisema. "Uzio umesogea. Shubiri moja, kama alivyosema. Kesho nitaurudisha."

"Si nilisema!" mshonaji alipiga makofi. Mwalimu aliondoka akitikisa kichwa, na milango yake miwili ikaondoka naye.

Watu walipotawanyika, seremala aliizungusha futi ya kitambaa kwenye vidole vyake, taratibu, bila kuivuta. Akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Itunze sana hii, shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini. "Na usije ukanunua nyingine."