Mfereji wa Hisani

Ukame ulipozidi hata Paa wakakaukiwa mate, Mamba aliwatumia salamu za huruma. Angewachimbia mfereji wa maji kutoka mtoni mpaka kijijini, tena bure. Mwenyekiti wao, Mzee Ngwembe, ambaye hakuwahi kupewa kitu asikipigie magoti, akaanza kutunga hotuba ya shukrani siku hiyohiyo.

Mkewe akaenda kuutazama mfereji. "Baba watoto, sisi tunakunywa kwa ncha ya ulimi. Mbona mpana na wenye kina namna hii?"

"Mfadhili haulizwi maswali, mama watoto. Unataka atuone hatuna adabu?"

Siku ya uzinduzi, Paa walijipanga na mashada ya maua wakiitazama njia ambayo mgeni rasmi angepitia. Mgeni rasmi akatokea mferejini, na jamaa zake nyuma.

"Mheshimiwa," Ngwembe akasema, "kumbe umepita humu?"

"Kwani nilichimba nipite wapi?"

Paa wakatimka, mkewe mbele. Ngwembe hakukimbia, maana ratiba ilisema sasa ni shukrani. Alifika kwenye "kwa niaba ya wenzangu wote", akamezwa kwa niaba yao.